Jinsi ya Kuchunguza Makopo ya Bia ya Kale ya Uingereza Yenye Mapambo na Maandishi: Mwongozo Kamili

Katika karne ya 18, Mwingereza aliyetaka chombo cha kunywea chenye jina lake hakulazimika kuwa tajiri. Alimwendea mfinyanzi, akaagiza kopo au jagi la udongo mgumu, akataja jina lake, mji wake na pengine kazi yake, na mfinyanzi akayatia maneno hayo kwenye udongo ungali mbichi. Moto wa tanuri uliyafunga maandishi ndani ya chombo, hivi kwamba hayafutiki kwa kuoshwa wala kwa kupitiwa na karne tatu. Kwa njia hiyo yametufikia majina ya wenye nyumba za pombe, mafundi na wakulima ambao huenda hawakuacha alama nyingine yoyote hapa duniani, na ndiyo sababu ninaona vyombo hivi vinastahili kuchunguzwa kwa uangalifu uleule tunaoutoa kwa nyaraka.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: anza na udongo, malizia na maneno. Watu wengi hufanya kinyume chake. Husoma mwaka ulioandikwa, wakaamini, kisha wakatafuta sababu za kuunga mkono walichokwisha kuamini. Maandishi ndiyo sehemu inayovutia jicho kwanza, na ndiyo pia sehemu iliyo rahisi zaidi kueleweka vibaya au kuongezwa baadaye na mtu mwenye nia ya kuuza ghali.

Maandalizi

Tandika taulo nene mezani. Uwe na kioo cha kukuza, tochi ndogo, futi kamba laini, penseli na karatasi. Vua pete na saa. Kopo lisiinuliwe kwa kishikio chake, kwa sababu pale kishikio kilipoungana na mwili ndipo nyufa za zamani na gundi za mafundi hujificha. Weka kiganja kimoja chini ya kitako na kingine ubavuni. Usilioshe kwanza. Uchafu uliokaa ndani ya herufi ni ushahidi, na utauhitaji katika hatua za mwisho.

Hatua ya kwanza: hakikisha udongo wenyewe

Tunaposema udongo mgumu tunamaanisha udongo mfinyanzi uliochomwa kwa moto wa nyuzi 1200 za Selsiasi hivi au zaidi, hadi chembe zake zikayeyukiana na chombo kikaacha kupitisha maji hata mahali pasipo na utando wa kioo. Geuza kopo na utazame kitako. Katika vyombo vingi vya London utaona udongo wa kijivu au wa kahawia hafifu, uliobana, usiokwaruzika kwa ukucha. Kama pana sehemu iliyomeguka, dondoshea tone moja dogo la maji. Udongo wa kawaida utalinyonya mara moja, ilhali udongo mgumu utaliacha limekaa juu. Gonga ukingo taratibu kwa ukucha. Chombo kizima hutoa mlio wa wazi unaodumu kidogo. Chenye ufa hutoa mlio mfu.

Kisha elekeza tochi kutoka ubavuni na uangalie uso wa nje. Moto ulipofikia kilele, wafinyanzi walirusha chumvi ya kawaida ndani ya tanuri. Chumvi iligeuka mvuke, sodiamu yake ikaungana na silika na alumina zilizomo kwenye udongo, na matokeo yake ni utando mwembamba wa kioo ulioshikana na chombo moja kwa moja bila kupakwa kwa brashi. Utando huo huwa na vijishimo vidogo vidogo mithili ya ganda la chungwa. Ukivikosa kabisa, na badala yake ukaona uso laini unaong'aa sawasawa pande zote, basi huenda si utando wa chumvi, bali ni utando wa majimaji (ambamo chombo kilichovywa kabla ya kuchomwa) ulioenea Bristol na kwingineko kuanzia miaka ya 1830. Vyombo vya Nottingham, tutakavyoviona hivi karibuni, navyo vina uso laini, kwa hiyo usiamue kwa dalili hii peke yake.

Hatua ya pili: tambua eneo kwa rangi na umbile

Mtu wa kwanza kupata hataza ya kifalme, yaani haki ya peke yake, ya kutengeneza vyombo hivi Uingereza na kufanikiwa kuvizalisha kwa wingi alikuwa John Dwight wa Fulham, karibu na London, mwaka 1672. Kabla yake, wanywaji wa Uingereza walitegemea bidhaa za Ujerumani, hasa chupa za kahawia zenye uso wa mzee mwenye ndevu zilizotoka Frechen karibu na Cologne. Dwight aliilinda hataza yake kwa ukali, na katika miaka ya 1690 aliwashtaki wafinyanzi kadhaa, wakiwamo ndugu wawili wa ukoo wa Elers, watu wa ukoo wa Wedgwood wa Staffordshire, na James Morley wa Nottingham. Alifariki mwaka 1703. Kesi hizo zinatusaidia kwa sababu zinaonyesha wazi kwamba, kabla karne haijaisha, ufundi huu ulikuwa umekwisha kusambaa.

Makopo ya London, yaani ya Fulham, Southwark, Lambeth, Vauxhall na Mortlake, kwa kawaida huwa na rangi mbili. Nusu ya juu ilichovywa katika uji wa udongo wenye chuma ikawa kahawia, na nusu ya chini ikabaki kijivu au ya maziwa yaliyochanganywa na chai. Mstari wa kuchovya mara nyingi haukunyooka, na hilo si kasoro.

Nottingham ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiko kulikotoka vyombo vizuri kuliko vyote. Udongo wake ulifinyangwa ukawa mwembamba, ukachongwa ukingali kwenye gurudumu ili mistari yake iwe mikali, na uso wake ukapata kahawia yenye mng'aro unaokaribia madini. Ukipata sehemu iliyomeguka, itazame kwa kioo cha kukuza: katikati ya udongo na utando wa kahawia mara nyingi utaona ufito mwembamba mweupe. James Morley alichapisha kadi ya biashara inayoonyesha vyombo vyake, baadhi vikiwa na kuta mbili, ule wa nje ukiwa umetobolewa kwa michoro ya maua. Huko Nottingham, na pia Derbyshire, yalitengenezwa majagi ya umbo la dubu, ambayo manyoya yake ni chembechembe za udongo zilizonyunyizwa mwilini na kichwa chake hutolewa na kutumika kama kikombe. Derbyshire iliendelea na kazi hii hata baada ya tanuri za Nottingham kuzimika mwishoni mwa karne ya 18.

Staffordshire ilitoa vyombo vyeupe, kuanzia miaka ya 1720 hadi 1780 hivi, kwa kuchanganya udongo mweupe wa kusini-magharibi mwa Uingereza na unga wa jiwe gumegume lililochomwa. Kama kikombe ni cheupe, chembamba, na kina vijishimo vya chumvi, uko Staffordshire au kwa waliowaiga watu wa huko.

Jihadhari na mtego mmoja. Makopo ya kijivu yenye buluu nzito ya kobalti na duara kubwa lenye herufi GR au AR mbele mara nyingi si ya Uingereza hata kidogo. Yalifinyangwa Westerwald, Ujerumani, kwa ajili ya soko la Uingereza, na herufi hizo ni za kumtukuza mfalme George au malkia Anne. Staffordshire nayo ilikuja kuyaiga baadaye, kwa hiyo rudi kwenye rangi ya udongo wa kitako kabla ya kuamua.

Hatua ya tatu: soma mapambo kama ushahidi wa tarehe

Kopo la kawaida la London la karne ya 18 lina picha ndogo ndogo za kubandikwa. Mfinyanzi alikandamiza udongo ndani ya kalibu, akautoa, akaulowesha mgongoni na kuubandika kwenye ukuta wa kopo. Chukua kioo cha kukuza, fuata kingo za kila picha, na utaona mahali kidole kilipokandamiza, mahali pambo lilipojikunja kidogo, na mahali mbwa mmoja wa mwindaji alipomkanyaga mwenzake kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Sehemu ya chini kwa kawaida ina msafara wa mawindo: wapanda farasi, mbwa wanaokimbia, na mbele yao kulungu au sungura, huku mti ukisimama upande mmoja. Juu yake hutiwa bamba kubwa, na pembeni miti, vinu vya upepo au wanywaji walioketi juu ya mapipa.

Bamba hilo la juu ndilo la kuzingatia, kwa sababu baadhi ya picha zina tarehe ya kuzaliwa. Mojawapo ni ile ya wanaume waliolewa wakizunguka meza yenye bakuli kubwa la kinywaji, ambayo imenakiliwa kutoka mchoro wa msanii William Hogarth uliochapwa mwaka 1733. Kopo lenye bamba hilo haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Vivyo hivyo, kikombe chenye sura ya Admirali Edward Vernon na kumbukumbu ya kutekwa kwa Porto Bello, bandari ya Wahispania huko Panama, kwa meli sita hakiwezi kuwa cha kabla ya mwisho wa 1739, ushindi huo ulipopatikana.

Mantiki hii hufanya kazi upande mmoja tu. Kalibu zilirithiwa, zikauzwa na kuhamishwa kutoka karakana moja hadi nyingine, na mawindo yaleyale yaliendelea kubandikwa Mortlake na Lambeth hadi karne ya 19. Picha inakwambia chombo hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Haikwambii kiliacha kutengenezwa lini.

Hatua ya nne: chunguza jinsi maandishi yalivyotiwa

Kabla ya kusoma neno lolote, jiulize lilitiwa kwa chombo gani na udongo ukiwa katika hali gani. Njia zilizotumika zaidi ni tatu.

London ilipenda herufi za risasi za wapiga chapa, zilizokandamizwa kwenye udongo moja baada ya nyingine. Utazitambua kwa kimo kilicho sawa, pembe kali, na kwa jinsi herufi ilivyozama zaidi upande mmoja, kwa kuwa kitu bapa kilikandamizwa kwenye ukuta wa mviringo. Nottingham na Derbyshire zilipendelea kuandika kwa kijiti chenye ncha, kwa mwandiko wa mtiririko, na hapo ndipo unapokutana na mkono wa mtu mmoja: mkia mrefu wa herufi ya mwisho, au mstari unaopanda kadiri nafasi inavyopungua. Staffordshire nayo ilichora maneno na maua kwa ncha kali kwenye udongo mweupe, kisha ikajaza mikwaruzo kwa kobalti. Kazi za namna hii zenye tarehe ni za miaka ya 1740 hadi 1770 na kidogo.

Sasa tumia tochi ya ubavuni na kioo cha kukuza kwa pamoja, kwa maana hapa ndipo penye uamuzi mzito kuliko wote. Ncha inapopita kwenye udongo mbichi, husukuma kijiukingo kidogo pembeni mwa mfereji, na baadaye utando wa chumvi hufunika mfereji na kijiukingo chake kwa pamoja. Kwa hiyo ndani ya herufi halisi lazima pawe na mng'aro uleule ulio nje yake. Ukiona mfereji mkavu, wenye unga au wenye kingo zilizochanika, na mng'aro umekatika ghafla ukingoni, maandishi hayo yalichongwa baada ya kuchomwa. Hiyo haimaanishi kila mara kwamba ni udanganyifu, kwani wapo wamiliki waliochonga majina yao kwenye vyombo vya kale kwa nia njema. Lakini tarehe ya namna hiyo haiwezi kutumika kama tarehe ya kufinyangwa.

Hatua ya tano: soma maneno, majina na mwaka

Nakili kila herufi kama ilivyo, pamoja na makosa ya tahajia, kabla ya kujaribu kufasiri. Majina yalifupishwa kwa kawaida ya wakati ule: Wm ni William, Jno ni John, Jas ni James, Thos ni Thomas, Saml ni Samuel. Herufi I mara nyingi inasimama mahali pa J, na herufi s ndefu hufanana na f. Ukikuta herufi tatu zimepangwa pembetatu, ile ya juu kwa kawaida ni ya jina la ukoo, na mbili za chini ni za mume na mke, ambao huenda waliagiza chombo kwa ajili ya ndoa au nyumba mpya. Vikombe vya mikono miwili, vilivyozungushwa mezani ili kila mtu anywe, hubeba sana majina ya wawili kwa ukamilifu. Chombo kimoja cha Nottingham cha mwaka 1700 kina jina la meya Samuel Watkinson na la mkewe Sarah, na kwa kuwa mameya wanajulikana kwenye kumbukumbu za mji, mwaka huo unaweza kuthibitishwa bila kulitegemea kopo peke yake.

Kuhusu tarehe, kuna jambo ambalo huwapotosha hata wasomaji wazoefu. Hadi mwaka 1751, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Tarehe ya Januari, Februari au sehemu kubwa ya Machi iliyoandikwa kabla ya hapo inahesabiwa katika mwaka ambao sisi tungeuona umekwisha. Mfano ulio wazi, ingawa si chombo cha kunywea, ni sanamu ya binti yake John Dwight aitwaye Lydia, iliyofinyangwa kwa udongo mgumu na kuhifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert Museum, London. Nyuma yake pameandikwa kwamba alifariki tarehe 3 Machi 1673. Kwa hesabu yetu, msiba huo ulitokea mwaka 1674. Baba aliyekuwa ameanza tu kuumiliki ufundi huu aliutumia kuushika uso wa mtoto wake, na siwezi kuyatazama maandishi yale kama tarehe tu ya kunakili.

Hatua ya sita: tafuta muhuri wa kipimo

Tazama karibu na ukingo, hasa upande wa kishikio. Sheria ya Bunge iliyoanza kutumika mwaka 1700 iliwataka wenye nyumba za pombe kuuza bia katika vyombo vyenye ujazo kamili na vilivyopigwa muhuri wa taji na herufi WR, za mfalme William wa Tatu. William alifariki mwaka 1702. Hata hivyo, kwa kuwa sheria ilizitaja herufi hizo, ziliendelea kupigwa chini ya watawala waliomfuata kwa zaidi ya miaka 100. Usiandike kamwe kwamba kopo ni la enzi ya William kwa sababu tu lina WR. Kinachoonyeshwa na muhuri huo ni kwamba kopo lilikusudiwa kwa biashara, na kama mbele yake pana jina la mtu, jiulize kama huyo hakuwa mwenye nyumba ya pombe mwenyewe, aliyetaka makopo yake yasitoroke na wateja.

Ikiwa chombo ni chako na ni kizima, pima ujazo kwa kukijaza mtama mkavu na kuumimina kwenye chombo cha kupimia. Painti ya bia ya zamani ilikuwa mililita 578 hivi, na kwati ilikuwa mara mbili yake. Sheria ya vipimo ya 1824 ilileta painti ya mililita 568, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kukupa tarehe kwa kopo lililofinyangwa kwa mkono.

Hatua ya saba: alama za viwanda vya karne ya 19

Makopo mengi ya karne ya 18 hayana alama ya mtengenezaji. Baada ya 1800 hali inabadilika, na jina utakalokutana nalo zaidi ni Doulton wa Lambeth, kampuni iliyoanza mwaka 1815. Jina la Doulton and Watts chini ya kitako huashiria kipindi cha kabla ya katikati ya miaka ya 1850. Neno England peke yake kwa kawaida huashiria miaka ya baada ya 1891, wakati sheria ya Marekani ilipodai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, na neno Royal mbele ya Doulton ni la karne ya 20.

Doulton alitengeneza pia majagi ya kumbukumbu, na moja linatuhusu moja kwa moja. Ni jagi la kahawia lenye sura ya mpelelezi Henry Morton Stanley na maneno yanayotaja msafara wake wa 1887 hadi 1889 wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Msafara ule ulipakia watu wake Zanzibar, wapagazi na askari wapatao 600, ukazunguka kwa meli hadi mlango wa mto Kongo mfanyabiashara Tippu Tip akiwa ndani yake, na ukamalizikia Bagamoyo. Wengi wa wale 600 hawakurudi nyumbani. Unapoliandikia maelezo jagi la aina hii, nakili majina yaliyomo, kisha andika kwa uwazi ni akina nani waliobeba msafara bila kutajwa. Maelezo yanayoishia kwa Stanley ni maelezo nusu.

Hatua ya nane: matengenezo na nyongeza

Ukingo wa fedha ni wa kawaida kwenye makopo ya mawindo. Mihuri ya fedha hiyo inakupa tarehe ya fedha, na huenda ilitiwa miaka mingi baada ya kopo kufinyangwa, pengine ili kuficha ukingo uliomeguka. Pitisha ncha ya kidole polepole ndani na nje: sehemu iliyozibwa kwa plasta na rangi huwa na joto zaidi kidogo kuliko udongo wenyewe, na haina vijishimo vya chumvi. Uchafu ndani ya herufi nao uangaliwe sasa. Ule wa miaka mingi huwa umekolea kwenye pembe na kushika. Ule wa kupakwa huwa sawasawa kila mahali.

Hatua ya tisa: andika na ulinganishe

Andika kimo, kipenyo cha mdomo na cha kitako, rangi ya udongo, aina ya utando, orodha ya mapambo kuanzia kushoto kwa kishikio, na maandishi neno kwa neno. Piga picha ya mbele, ya kila ubavu, ya kitako, na moja ya maandishi chini ya mwanga wa ubavuni.

Kisha linganisha. Fitzwilliam Museum ya Cambridge ina mkusanyo mkubwa ulioachwa na J. W. L. Glaisher, aliyependa sana vyombo vyenye majina na tarehe. Victoria and Albert Museum na British Museum zina mifano mingi, na makumbusho ya Colonial Williamsburg huko Virginia, Marekani, inayo ile iliyofika Marekani wakati wa ukoloni. Katalogi zao zinapatikana kwenye intaneti. Unapotafuta, usianze na jina la mtu lililo kwenye kopo lako. Anza na mapambo, yaani bamba la juu, umbo la mti, mpangilio wa mbwa. Ukipata kalibu ileile kwenye kopo lenye tarehe lililomo jumbani, pima pambo kwenye picha zote mbili, na uandike namba ya kumbukumbu ya chombo hicho kando ya vipimo vyako.